Giza la Pembeni mwa Kioo

Iringa, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Sekela,

Naandika mchana, hapa barazani, karatasi nimeielekeza juani, kwa sababu jua likizama sitaweza kuandika. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nimeitanguliza kabla sijaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu. Macho yangu yanakwisha. Ugonjwa wenyewe unaitwa presha ya macho. Nimekuficha mwaka mzima na miezi, na daktari anasema hutembea ndani ya ukoo, maana yake hata wewe unaweza kuwa nao na usijue. Kesho alfajiri unakwenda Mbeya kuanza kazi ya upimaji ardhi, kazi ya kuchungulia kwenye kioo kutwa nzima, na mimi bado sijakuambia.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Tangu Alhamisi mama yako anakupangia: sweta mbili, maharage ya Kilolo, namna ya kumjibu mwenye nyumba akianza maneno. Hata sufuria ndogo amekufungia ndani ya kanga. Mimi hapo sina cha kuongeza. Nilichowahi kukijua vizuri maishani ni kamera moja kuukuu, na hiyo nayo nilikuja kuikosea, wewe ukaumia.

Unajua kwamba kamera ile nilipewa na Mzee Hasham, yule Mhindi aliyekuwa na duka la picha mjini. Nilifanya kazi kwake tangu nina miaka ishirini na sita mpaka alipolifunga. Picha za pasipoti nilizijua kabla sijafika kwake. Alichonifundisha yeye ni ile kamera ya sinema za nyumbani, iliyokuwa ya baba yake. Haina betri, unaijaza kwa kuzungusha ufunguo ubavuni, ukibonyeza inalia kama cherehani. Kipima mwanga chake kilikufa zamani, kwa hiyo mwanga unausoma kwa macho yako mwenyewe, halafu unazungusha pete ya mbele uchague namba. Namba kubwa, tundu la kuingizia mwanga dogo. Hilo lilinishinda wiki nzima. Wewe nilipokufundisha ukiwa na miaka kumi na miwili ulishika kiuno ukasema, "Kwa hiyo kumi na sita ni ndogo kuliko nne? Aliyetengeneza hii hakufaulu hesabu." Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni.

Mwaka wangu wa kwanza Mzee Hasham alinituma Kilolo kupiga sinema ya kipaimara kanisani. Mabinti kumi na wawili wamepangwa nje, magauni meupe, soksi nyeupe, na nyuma yao ukungu umekaa mlimani. Nikaona weupe ule wote, nikajiambia mwanga ni mwingi, nikafunga tundu mpaka kumi na moja. Mkanda uliposafishwa na kurudi, tukawasha projekta dukani. Magauni yalitoka safi, kila mkunjo unaonekana, na juu ya magauni hakuna uso hata mmoja. Weusi mtupu. Mama mmoja aliyepanda gari kutoka Kilolo kuja kuangalia aliniuliza, "Sasa wa kwangu ni yupi hapa?" Alikaa mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka.

Mzee Hasham hakunifokea. Alisubiri mama yule aondoke ndipo akaniambia, "Soma uso, bwana. Nguo haina mama wa kuja kuitafuta." Akaitoa ile karatasi ya maelekezo inayokuja kwenye boksi la mkanda, akaichana. Akasema walioiandika hawakuwa na sura zetu mbele yao. Ngozi zetu zinataka tundu lifunguliwe zaidi kidogo, hasa mtu akisimama mbele ya mawingu. Tangu siku hiyo nikawa fundi wa kufungua. Watu walikuja kunifuata mimi kwa sababu kwangu sura zilionekana. Nilijivuna kwa hilo, mwanangu, na naomba ukumbuke majivuno hayo, kwa sababu ndiyo yaliyonipoteza.

Duka lilifungwa, mzee akafariki, kamera ikabaki kwangu. Kijana wake, yule mwenye mvi sasa, anakuja kila Desemba kutoka ng'ambo kuzuru makaburi ya wazazi wake. Ananiletea mkanda mmoja mpya na ule wa nyuma uliokwisha kusafishwa, anaondoka na niliopiga mwaka huo. Ndiyo maana kwetu kosa la mwaka huu tunaliona mwaka kesho. Ningekuwa na simu za kupigia picha kama zenu, ningejiona napotea siku ile ile.

Krismasi ile ya kwa shangazi yako ndiyo ilianza. Mkanda uliporudi, wote tumekuwa weupe kama tumetoka kwenye mashine ya unga. Nikasema mkanda ulikuwa wa zamani, umechacha. Kisha mahafali yako ya chuo. Siku ile nilikuona umesimama na joho kwenye kivuli kizito, nikashangaa saa sita mchana kuna kivuli namna hiyo, nikafungua tundu mpaka mwisho. Kumbe ulikuwa juani. Mkanda uliporudi Desemba iliyofuata, kofia ilionekana, pua yako haikuwepo. Na mimi, fundi wa kufungua, sikuwaza hata mara moja kwamba nimefungua mno. Nilisema lenzi imeharibika.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kuparuka. Ilikuwa Januari baada ya mahafali, mkanda wake bado haujarudi, wewe uko nyumbani unasubiri kazi na kufundisha watoto wa jirani. Nilichungulia kwenye kidirisha cha kamera nikaona giza pembeni, kushoto na kulia, katikati tu ndiyo kuna mwanga. Nikakuita. Unakumbuka maneno niliyokuambia, najua unakumbuka, lakini niyaandike ili ujue na mimi ninayo.

"Umeiangusha hii," nikasema.

"Baba, sijaiangusha. Niliifuta vumbi tu."

"Kioo hakiingii giza chenyewe."

Ukaichukua mkononi mwangu taratibu, ukachungulia ukiielekeza kwenye mparachichi wa jirani, ukakaa hivyo muda. Ukasema, "Mbona mimi naona vizuri tu, baba? Mpaka pembeni kabisa."

Nikakuambia, "Huoni kitu wewe. Na uongo umejifunzia wapi?"

Uliiweka mezani ukaenda kuteka maji, na mpaka leo hujaishika tena. Nilikuona mara mbili tatu unaifunika kwa kitambaa bila kuigusa. Mama yako alinisema usiku ule, nikamwambia mtoto akikosea lazima aambiwe. Umekaa na tuhuma ile miaka miwili, ukiniandalia maji ya kuoga, ukinisomea Biblia jioni nikisingizia uchovu. Nisamehe, Sekela. Hukuangusha kitu. Uliniambia kweli, ukanionyesha ugonjwa wangu mkononi mwangu, nikakuita mwongo.

Na lililo baya zaidi ni kwamba nilikuwa na elimu ya kujua. Kidirisha cha kuchungulia na lenzi ya kupigia, kwenye kamera ile, ni vioo viwili mbalimbali. Kidirisha kiko juu, lenzi iko chini, hakuna njia ya kutoka kimoja kwenda kingine. Lenzi hata ikivunjika vipande, kidirishani utaona kama kawaida. Hilo ni somo la siku ya kwanza, nilifundishwa, nikakufundisha wewe. Giza nililoliona kidirishani halikuwa na mahali pa kutokea isipokuwa jichoni kwangu. Niliisafisha lenzi kwa pamba na spiriti jioni tatu mfululizo. Macho sikuyapeleka kokote.

Niliendelea hivyo mpaka ule msiba wa Tukuyu, kwa mjomba wa mama yako. Wewe ulibaki hapa kulinda nyumba. Unajua mimi nilivyolelewa: mama mkwe hupishwa njia. Humsogelei, humgusi, ukimwona anakuja unazunguka nyuma ya nyumba. Miaka yote ya ndoa yangu, mimi na bibi yako mzaa mama tumesalimiana kwa mbali, na tumeheshimiana sana kwa umbali huo. Siku ile nilikuwa navuka uwanja mbele ya waombolezaji wote. Yeye alikuwa anatokea jikoni, kushoto kwangu, amebeba sinia la vikombe. Sikumwona. Nilimgonga kwa bega zima, tukaanguka wote wawili, mkono wangu ukatua kifuani kwake.

Kisha nikasikia mwanamume mmoja anasema, "Mzee wa kanisa kumbe anakunywa." Mwingine akacheka puani. Nilikuwa nimekaa chini kwenye chai iliyomwagika, natafuta kofia yangu kwa mikono, na kofia ilikuwa hapo ubavuni. Aliyeniokoa ni bibi yako mwenyewe. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Akasema, "Huyu hajalewa. Huyu haoni." Akamgeukia mama yako: "Ulikuwa wapi wewe siku zote?"

Kesho yake mama yako alinipeleka hospitali Mbeya. Waliniweka kidevu kwenye mashine, wakanipa kitufe, wakasema nibonyeze kila nikiona nukta ya mwanga. Nikabonyeza mara chache. Kisha nikasubiri, nikasubiri, nikamuuliza dada wa mashine kama umeme umekatika. Akasema kwa upole, "Hapana, mzee. Nukta zinakuja." Nilikaa na kitufe mkononi, kidole tayari, zinakuja na mimi sizioni. Sijawahi kujiona mnyonge kama pale.

Daktari alikuwa kijana wa umri wako. Akaniambia presha hii haina maumivu, inakula pembeni kwanza, taratibu, na ubongo unajazia mtu asijue. Kilichokwenda kimekwenda, hakuna upasuaji wala miwani ya kukirudisha. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Ndiyo yale matone niliyokuambia ni ya mzio wa vumbi. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningekuja miaka miwili nyuma. Aliangalia karatasi zake, akaniuliza na yeye: "Kwenu kuna aliyepofuka?"

Yupo. Babu yako, baba yangu, aliyefariki kabla hujazaliwa. Alianza kujigonga milangoni akiwa na umri kama wangu, akamaliza kwa kushikwa mkono kwenda chooni. Hakuna aliyempeleka hospitali, kwa sababu kila mtu kwetu alishajua ugonjwa wake: mdogo wake, baba mdogo, aliyekuwa anagombea naye mpaka wa shamba la miti, kamtupia kitu machoni. Wazee walisema hivyo, wanawake walisema hivyo, na mimi niliyekuwa nakaa mjini na kushika kamera nilisema hivyo pia. Baba alipokufa, mimi ndiye niliyetumwa. Nilisimama mlangoni kwa baba mdogo nikamwambia asikanyage msibani. Alikuwa ameshavaa koti la kwenda kumzika kaka yake. Alilivua mbele yangu, akalitundika msumarini, akaingia ndani.

Nilipotoka Mbeya na karatasi zangu, sikushukia nyumbani. Nilipitiliza mpaka Kilolo. Baba mdogo ameshakufa miaka mingi, nilimkuta mkewe anachambua maharage. Nikapiga hodi, nikamsalimu kwa kwetu, "kamwene, mama," akaitika. Nikamweleza yote: kwamba ni ugonjwa wa ukoo, kwamba hakukuwa na kitu kilichotupwa, kwamba nimekuja kuomba radhi. Alichambua kwanza ungo wote. Kisha akasema, "Yeye alikuwa anajua hakufanya." Akanikaribisha chai. Nilikunywa. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Majuto ni mjukuu, nilikuwa nikiwaambia watu hivyo kwenye vikao vya usuluhishi kanisani, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ndivyo nilivyo sasa, nikueleze bila kupaka rangi. Ninaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la namba kumi na sita, katikati tu, na hata hapo katikati kuna ukungu siku nyingine. Sura ya mtu naiona nikimpata. Shida ni kumpata. Kikombe changu mama yako hukiweka mahali pamoja, kulia kwa taa, na hakuna siku amekosea. Ulidhani ni mapenzi ya uzeeni, ukatutania. Nilipoacha kwenda kwenye vikao vya jioni nikisema wazee wenzangu wananichosha, nilikuwa naogopa ngazi. Mama yako aliniambia kila wiki, "Baba Sekela, mwambie mtoto." Nilimjibu akipata kazi. Ukapata kazi, nikasema akishapata chumba. Ukapata chumba. Mficha maradhi kilio humfichua, naijua methali hiyo toka darasa la tatu, haijanisaidia kitu.

Naogopa, Sekela. Macho yangu nimeshayaaga, si kwa ushujaa, ni kwa kukosa la kufanya. Nayaogopea ya kwako. Ninakaa hapa kiti cha barazani, ukipita na ndoo ukagusa mlango kidogo kwa bega, nahesabu hatua zako mpaka ufike ndani. Juzi uliuliza chumvi iko wapi na ilikuwa mbele yako, sikulala. Nimekurithisha meno yangu mabaya na ubishi wangu, hayo tumeyacheka. Hili siwezi kujua kama nimekurithisha, na kama nimekurithisha siwezi kulichukua tena. Nikifikiri hivyo sina hata mahali pa kuweka mikono.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Kabla wiki haijaisha huko Mbeya, nenda wakupime presha ya macho. Si kusoma zile herufi ukutani, mimi zile nilizisoma zote. Waambie wapime presha, waangalie nyuma ya jicho, waambie baba na babu. Wakikuta hakuna, rudi kila mwaka. Wakikuta ipo, wewe umewahi, una pembeni zako zote. Mimi nilikuwa na fundi wa kuniambia ndani ya nyumba yangu, nikamfukuza.

Nilikuwa nimepanga barua hii niitie kwenye mfuko wa kamera, uikute Mbeya. Maana kamera nakupa, ukubali au ukatae, na mkanda wa mwaka huu sijaugusa, ni wako. Lakini nimefika hapa nikaona ninachopanga ni kuficha tena, safari hii kwa kilomita mia tatu na zaidi. Nitakupa mkononi leo ukirudi, mama yako akiwepo.

Najua utakachosema. Utasema kazi itasubiri, utakaa unishike mkono. Umeisubiri miaka miwili hiyo kazi, nimekuona ukiandika maombi mpaka kalamu zinaisha. Ukiamua kubaki, sina nguvu ya kukuzuia na sina hoja ya kukushinda, hujawahi kushindwa na mimi tangu mambo ya kumi na sita na nne. Naweza kukuomba tu. Nenda, mwanangu. Ukikaa hapa utanitazama nikizima, na kunitazama hakutaniwashia kitu. Nikijua uko mlimani huko na mashine yako ya kupimia, unaona mpaka pembeni kabisa, hiyo ndiyo dawa ninayoitaka na siwezi kujinunulia.

Jua limefika kwenye mguu wa kiti, mistari inaanza kuingiliana. Samahani kwa mwandiko.

Jambo la mwisho, kuhusu kesho. Stendi alfajiri bado kuna giza, na mabasi yanakuwa mengi, watu wengi, taa huku na huku. Mama yako atanishika mkono. Ukishakaa kwenye kiti chako, usinipungie mkono, kwa sababu nitakuwa nimetazama basi jingine na wewe utadhani nimeona. Fungua kioo uniite. Uniite kwa nguvu bila kuona haya watu, na usiache kuniita mpaka nigeuke upande wako.

Baba yako